Kiingereza Shuleni Ngara na Biharamulo: Maandalizi ya Watoto Watakaoingia Kidato cha Kwanza 2028

Na Mwandishi Wetu, Kagera

JANUARI 2028 shule za sekondari nchini zinatarajiwa kupokea Kidato cha Kwanza kisicho cha kawaida. Wataingia kwa pamoja wahitimu wa Darasa la Saba waliosoma kwa mtaala wa awali na wahitimu wa Darasa la Sita waliosoma kwa mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024. Wananchi wamekuwa wakiuliza kuhusu vyumba vya madarasa, meza, viti na idadi ya walimu watakaohitajika mwaka huo, na maswali hayo ni ya haki. Makala haya yanahusu swali linaloulizwa mara chache zaidi: watoto hao watafundishwa kwa lugha gani, na wataijua kwa kiasi gani siku watakapoketi kwenye viti hivyo.

Jibu la sehemu ya kwanza limo katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Katika elimu ya awali na msingi lugha ya kufundishia ni Kiswahili, isipokuwa kwa shule zinazotumia Kiingereza. Katika sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Pamoja na hayo, mtaala ulioboreshwa umerudisha somo la Kiingereza hadi Darasa la Kwanza, baada ya kipindi ambacho madarasa mawili ya mwanzo yalielekezwa zaidi kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, na Kiingereza kikaanzia Darasa la Tatu.

Hapa ndipo inapohitajika hesabu ndogo ambayo mzazi anaweza kuifanya kwa vidole. Mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza Januari 2024 alianza na Kiingereza mwaka huo huo, na akihitimu Darasa la Sita mwaka 2029 atakuwa amekisoma kwa miaka sita. Mtoto aliyekuwa Darasa la Nne mwaka 2024 alianza Kiingereza Darasa la Tatu, naye atahitimu Darasa la Saba mwaka 2027 akiwa amekisoma kwa miaka mitano. Lakini mtoto aliyeingia Darasa la Tatu Januari 2024 alipita madarasa mawili ya mwanzo kabla Kiingereza hakijarudishwa huko, kisha atahitimu Darasa la Sita mwaka 2027, yaani bila kupita Darasa la Saba. Huyu atakuwa na miaka minne tu. Waliokuwa Darasa la Pili mwaka 2024 wako katika hali inayofanana, ila wao watafika sekondari mwaka mmoja baadaye. Wanafunzi wa makundi haya mawili ya mpito hawana upungufu wowote wa akili wala bidii. Wamezaliwa tu katika mwaka ambao daraja la zamani linaondolewa na jipya halijafika upande wao wa mto.

Miaka minne ya somo moja haina uzito ule ule kila mahali. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, watoto wengi huingia shuleni wakiwa na lugha nyingine kabla ya Kiswahili. Ngara, katika eneo la Bugufi, nyumbani husemwa Kihangaza, na katika Bushubi husemwa Kishubi. Lugha zote mbili ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Biharamulo ni mchanganyiko mkubwa zaidi: wapo Wasubi, Wazinza, Wahaya na Wasukuma waliohamia kwa kilimo na ufugaji, na katika vituo vya njia kuu kama Nyakanazi na Lusahunga mtoto husikia lugha tatu au nne kabla ya saa sita mchana. Kwa watoto hawa Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Mtoto wa Rulenge, Murusagamba au Nyakahura hujifunza kusoma kwa lugha ya pili, kisha anapoanza kuizoea hutakiwa kusomea Jiografia, Baiolojia na Historia kwa lugha ya tatu.

Ni vyema kueleza tofauti ambayo mara nyingi hupotea katika mazungumzo ya mtaani. Kusoma Kiingereza kama somo ni jambo moja, na kusoma kwa Kiingereza ni jambo jingine. Katika somo la Kiingereza mtoto wa Darasa la Tano anaweza kufanya vizuri kwa kujua salamu, majina ya vitu, nyakati chache za vitenzi na habari fupi ya kusoma. Katika Kidato cha Kwanza anapewa ukurasa mzima kuhusu sehemu za seli, anatarajiwa kuuelewa, kuandika muhtasari wake na kujibu swali linaloanza na neno "Explain". Kile alichokijua Darasa la Sita kwa jina la usanisinuru sasa kinaitwa "photosynthesis". Sumaku imekuwa "magnet" na kani imekuwa "force". Maarifa anayo. Yamewekwa katika chumba ambacho amebadilishiwa kufuli.

Ugumu wenyewe una sababu zinazoeleweka, na mwalimu anayezijua huacha kuzichukulia kuwa ni uzembe. Mtoto aliyefundishwa KKK vizuri amejifunza kwamba kila herufi ina sauti yake na kila silabi husomeka kama ilivyoandikwa. Hiyo ni kanuni nzuri, na Kiswahili huiheshimu. Akikutana na neno "make" atasoma ma-ke, na "come" atasoma ko-me, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusoma. Hajakosea kanuni, amehamishiwa kwenye lugha isiyoifuata. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, hivyo "ship" na "sheep" humfikia sikioni kama neno moja. Maneno ya lugha zetu huishia kwa irabu, ndiyo maana "book" hugeuka kuwa buku. Aidha, katika lugha za jamii ya Kirundi sauti za l na r hazitenganishi maana kama zinavyofanya katika Kiingereza, na mtoto anayesema "lice" akikusudia "rice" hastahili kuchekwa na darasa zima.

Sarufi nayo ina yake. Kwa Kiswahili neno moja, hakuenda, limebeba ukanushi, mtendaji na wakati. Kwa Kiingereza yote hayo hutawanywa katika maneno manne: "he did not go". Mwanafunzi anayeandika "he did not went" anajaribu kuonyesha wakati uliopita mahali anapodhani unastahili kuonekana, na kwa kweli kosa hilo huashiria kwamba ameanza kufikiri kuhusu kanuni. Tena neno yeye halibagui mwanamume na mwanamke, wala hakuna lugha ya wilaya hizi mbili inayofanya hivyo. "He" na "she" huchukua miaka kuzoeleka. Makosa ya namna hii hutabirika. Mwalimu anaweza kuyapanga katika andalio la somo kabla hayajatokea.

Mzazi anaweza kujiuliza iwapo jambo hili ni geni. Si geni. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za Serikali baada ya mwaka 1967, na tangu hapo pengo kati ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza limekuwa likijadiliwa. Tume ya Rais ya Elimu, iliyojulikana kama Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima kiwango cha Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania na kuonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatilia masomo yao. Kuanzia 1987 ukafuata mradi uliofadhiliwa na Uingereza uliosambaza shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu ili wanafunzi wasome kwa wingi. Mradi ulikwisha, lakini wazo lake kwamba mtoto hukua katika lugha kwa kusoma kurasa nyingi zinazoeleweka, kuliko kurasa chache zisizoeleweka, bado ni sahihi.

Majirani zetu wamepita njia hiyo pia. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, ikarekebisha uamuzi huo baadaye ili madarasa matatu ya mwanzo yatumie Kinyarwanda, na mwaka 2019 ikarudi kwenye Kiingereza tangu mwanzo wa shule ya msingi. Kuna jambo moja katika uzoefu wao ambalo linatuhusu moja kwa moja, hasa kwa kuwa Kinyarwanda na Kihangaza ni lugha za ukoo mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rwanda na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walitayarisha vitabu vya majaribio kwa wanafunzi wa darasa la nne, wakati huo likiwa darasa la kwanza kusomea kwa Kiingereza. Vitabu hivyo vilitumia sentensi fupi, picha nyingi, orodha ya istilahi zenye maana kwa Kinyarwanda, na mazoezi yaliyowataka wanafunzi wajadiliane kwanza kwa lugha wanayoiweza kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Wanafunzi waliovitumia walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao waliotumia vitabu vya kawaida.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kushirikiana na washirika, wakiwamo Chuo Kikuu cha Bristol na Taasisi ya Elimu Tanzania, kilifanya kazi ya aina hiyo kwa Kidato cha Kwanza. Mbinu yenyewe huitwa ufundishaji unaosaidia lugha. Jina ni kubwa kuliko gharama yake, kwa sababu sehemu kubwa ya mbinu hii huhitaji ubao, chaki na mwalimu aliyejiandaa.

Tuchukue mfano wa somo la Jiografia kuhusu mmomonyoko wa udongo. Mada hii haihitaji kuelezwa kwa mtoto wa Ngara kama kitu cha mbali. Anaishi kwenye miteremko, ameona mvua za Aprili zikichukua udongo wa shamba la migomba hadi bondeni, na huenda amemsaidia baba yake kuchimba makinga maji. Mwalimu anaweza kuingia darasani, akaandika ubaoni aya mbili ndefu kutoka kitabuni, wanafunzi wakanakili, na kipindi kikaisha. Madaftari yatajaa, lakini ukimwuliza mmojawapo aya ile inasema nini, atakusomea tena maneno yale yale.

Mwalimu mwingine ataanza kwa kuandika maneno sita tu ubaoni: "soil", "slope", "rain", "grass", "wash away", "protect". Kila neno atalitamka, darasa litalirudia, na maana yake kwa Kiswahili itaandikwa pembeni. Kisha atawagawa wanafunzi wanne wanne na kuwauliza kwa Kiswahili: mvua kubwa ikinyesha kwenye mlima usio na majani, nini hutokea? Katika dakika tano zinazofuata darasa litakuwa na kelele, na katika kelele hiyo ndimo mawazo yanamozaliwa. Wapo watakaosemeshana Kihangaza, na hakuna hasara. Baada ya hapo mwalimu ataandika mwanzo wa sentensi, "Soil erosion happens when…", na kila kundi litaimalizia. Atafuatia na mwanzo mwingine, "Farmers can protect the soil by…". Kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi ana sentensi mbili au tatu za Kiingereza alizozitunga mwenyewe, anazozielewa na anazoweza kuzitetea. Ni chache kuliko aya mbili zilizonakiliwa, lakini ni zake.

Baadhi ya walimu huhofia kwamba kutumia Kiswahili kwa dakika hizo tano ni kukiuka sera. Hofu hiyo inaeleweka, lakini msingi wake ni dhaifu. Lengo la sera ni mwanafunzi apate maarifa na aimudu lugha ya kufundishia. Kumpa maana ya istilahi kwa lugha anayoijua ni njia ya kumfikisha huko. Kinachodhuru ni kitu kingine, nacho hutokea zaidi: mwalimu anafundisha kipindi kizima kwa Kiswahili, anaandika maelezo kwa Kiingereza, na mwanafunzi hapewi nafasi ya kuunganisha vitu hivyo viwili. Atafika kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili akiwa na maarifa katika lugha moja na karatasi ya mtihani katika lugha nyingine, na asipofikia kiwango kinachotakiwa atakariri kidato. Wapo wanaoishia hapo na kurudi nyumbani.

Ipo desturi nyingine inayostahili kusemwa waziwazi, hata kama wengi wetu tuliosoma zamani tunaikumbuka kwa kicheko. Ni ile ya kumvalisha kibao shingoni, au kumchapa, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani katika eneo la shule. Mwanafunzi anayeadhibiwa hivyo hajifunzi Kiingereza, hujifunza kunyamaza. Naye msichana wa Kidato cha Kwanza aliyekwisha kuamua kunyamaza ni vigumu kumrudisha kwenye kuinua mkono. Hataomba ruhusa ya kwenda nje, hataeleza kwamba anaumwa, wala hatasema kwamba hakuelewa. Shule inayotaka Kiingereza kisikike inaweza kutenga siku ya mdahalo, kuanzisha klabu ya usomaji, au kuwapa wanafunzi matangazo ya asubuhi wayasome kwa zamu. Hizo ni njia za kukifanya Kiingereza kitumike bila kukifanya kiogopwe.

Kwa miaka mingi shule za sekondari zimekuwa zikianza mwaka wa Kidato cha Kwanza kwa kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki kadhaa kabla ya masomo kushika kasi. Ubora wake hutofautiana. Pale inapofanywa kwa dhati, walimu wa masomo yote hushiriki: mwalimu wa Hisabati hufundisha namna ya kusoma "divide", "equal" na "greater than", wa Baiolojia hufundisha majina ya sehemu za mwili na vitenzi vya maabara, na mwalimu wa Kiingereza hubaki na kazi ya kujenga sentensi. Pale inapoachwa mikononi mwa mwalimu mmoja wa Kiingereza mwenye mikondo minne, hugeuka kuwa marudio ya salamu. Kwa makundi ya 2028 na 2029, kozi hii itakuwa na uzito ambao haijawahi kuwa nao, na wakati wa kuipanga ni kabla ya wanafunzi hawajafika.

Hata hivyo, maandalizi makubwa zaidi yapo katika shule ya msingi. Kurudisha Kiingereza Darasa la Kwanza kutazaa matunda iwapo tu kitafundishwa kwa namna inayolingana na umri. Mtoto wa miaka sita au saba ambaye bado anajifunza kusoma silabi za Kiswahili hahitaji kuandikiwa nyakati za vitenzi. Anahitaji kusikia na kusema: nyimbo, michezo ya kuamrishana kukaa, kusimama na kuruka, majina ya vitu vilivyomo darasani, hadithi fupi yenye picha. Kusoma Kiingereza kuje baada ya kusoma Kiswahili kukomaa, kwa sababu stadi ya kusoma ikishajengeka katika lugha moja huhamia katika nyingine. Mtoto wa Darasa la Pili asiyeweza kusoma Kiswahili hatasaidiwa kwa kuongezewa Kiingereza cha maandishi. Atachanganyikiwa katika lugha zote mbili.

Hili huleta suala la walimu. Mwalimu wa Darasa la Kwanza katika shule ya pembezoni mwa Biharamulo alipangiwa darasa hilo, mara nyingi, kwa uhodari wake wa kufundisha KKK na upole wake kwa watoto. Yeye mwenyewe huenda hajazungumza Kiingereza kwa miaka mingi, na si haki kumlaumu kwa hilo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umewekwa kwa ajili ya hali kama hizi. Walimu hukutana shuleni au katika kituo cha walimu kilicho karibu, huchagua tatizo moja la ufundishaji, hulijadili, hujaribu mbinu na kurudi kusimuliana matokeo. Vikao hivyo vinaweza kutumika kufanya mazoezi ya matamshi na kutayarisha nyimbo za wiki, na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata akialikwa mara moja kwa mwezi atajifunza pia kile ambacho wanafunzi wake wajao wanakijua na wasichokijua. Katika kata nyingi shule hizo mbili zinapakana uzio, na bado walimu wao hukutana msibani zaidi kuliko darasani.

Kwa upande wa wazazi na walezi, lipo wazo lililoenea kwamba asiyejua Kiingereza hana la kufanya. Si kweli. Bibi anayemsimulia mjukuu hadithi kwa Kihangaza jioni, akamtaka aisimulie tena kesho yake kwa mpangilio, anamfundisha kupanga mawazo, kukumbuka na kueleza sababu. Hizo ndizo stadi anazodaiwa baadaye kwa Kiingereza. Mzazi anaweza kumwomba mtoto amfundishe maneno matano aliyojifunza leo na maana yake. Mtoto anayefundisha hukumbuka. Anaweza kufungua daftari na kutazama kama kuna sentensi za mtoto mwenyewe au ni maandishi yaliyonakiliwa tu, jambo linaloonekana hata kwa asiyeisoma lugha hiyo, kwa sababu kazi ya mtoto mwenyewe huwa na makosa na masahihisho ya mwalimu. Zaidi ya yote anaweza kumpa nusu saa ya mwanga na utulivu usiku kabla ya kumtuma kazi nyingine. Msimu wa kuvuna kahawa na maharage una haki zake, lakini mahudhurio ya wiki nzima yaliyopotea katika somo la lugha hayalipiki kwa urahisi, kwa kuwa kila kipindi hujengwa juu ya kilichotangulia.

Wapo wazazi wenye uwezo wanaoona jibu la yote haya ni kuwahamishia watoto katika shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Ni haki yao, na baadhi ya halmashauri nchini zinaendesha shule za Serikali za aina hiyo. Itoshe kusema kwamba lugha ya kufundishia peke yake haimfanyi mtoto ajue. Mtoto anayeimba majina ya sayari kwa Kiingereza bila kujua sayari ni nini hajamzidi mwenzake anayeijua kwa Kiswahili, na mzazi anayelipa ada ana kila sababu ya kumwuliza mtoto wake aeleze alichosoma kwa maneno mengine.

Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimumsingi imekuwa ikitolewa bila ada katika shule za Serikali, na watoto ambao zamani wangebakia nyumbani sasa wanafika Kidato cha Kwanza. Wengi wao ni wa kwanza katika familia zao kufika hapo. Kwa mtoto wa namna hii, lugha ya kufundishia ndiyo mlango wa mwisho kufunguka, na nyumbani hakuna aliyewahi kuupita amwonyeshe kitasa.

Mwananchi anayetaka kufuatilia jambo hili katika shule ya kijiji chake ana pa kuanzia. Katika mkutano wa wazazi anaweza kuuliza mambo matatu yenye majibu ya wazi: Kiingereza cha Darasa la Kwanza na la Pili kinafundishwa na nani na kwa vipindi vingapi kwa wiki; shule ina vitabu vingapi vya hadithi za Kiingereza ambavyo watoto huruhusiwa kuvishika na kuvisoma, mbali na vile vilivyofungiwa kabatini; na sekondari ya kata imejiandaaje kwa kozi ya awali ya Kidato cha Kwanza cha 2028. Kwa shule ya msingi, maswali haya huelekezwa kwa Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule. Kwa sekondari, kwa Mkuu wa Shule na Bodi. Yasipopata majibu, Ofisa Elimu Kata ndiye ngazi inayofuata, kisha Idara ya Elimu ya Halmashauri ya Wilaya husika, na Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya hupokea hoja zinazohusu ufundishaji wenyewe.

Vitabu vya kiada vya mtaala ulioboreshwa, vikiwamo vya Kiingereza, vinapatikana pia katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vinaweza kusomwa kwa simu janja au kompyuta. Pale mtandao unaposhika kwa shida, kama ilivyo katika baadhi ya vijiji vya wilaya hizi, mwalimu anaweza kufungua kurasa anazozihitaji akiwa mjini Ngara au Biharamulo, akanakili kwa mkono orodha ya maneno na picha za wiki, na kurudi nazo shuleni.